Nyuma ya Wodi ya Wazazi

Kati ya Leparua na Kipsing, ukitaka kujua nani kaoa, nani karudishwa kwao, na ngamia wa nani kavunja ua wa nani, huna haja ya kuzunguka. Keti kwenye benchi la Jawahir, mbele ya geti la hospitali ya masista, agiza chai ya maziwa ya ngamia na anjera, ule mkate mwembamba wa Kisomali, kisha nyamaza. Habari zitakufuata hapo hapo. Jawahir ana sauti inayovuka barabara bila kuangalia kulia wala kushoto, na masikio yanayosikiliza wateja wa pande zote huku mkono ukikoroga sufuria. Watu humwita Redio, na yeye hachukii. "Redio inataka betri," huwajibu. "Nunueni chai."

Basi asubuhi ile Sista Perpetua alipotoka getini, akapita benchi lililojaa watu bila kumsalimu hata mmoja, akaomba chai isiyo na sukari, benchi zima lilinyamaza lenyewe.

"Mama Deqa," akamwambia Jawahir, "Mama Mkuu wa shirika anakuja mwisho wa mwezi ujao. Anakuja kutufunga."

"Kuwafunga? Kwani mmeiba nini?"

Benchi likacheka. Sista hakucheka. Huyu ni Mmeru wa Tigania, mkunga kwa kazi, mwanamke ambaye kwa kawaida huanza kucheka kabla mzaha haujaisha. Jawahir akaweka mwiko chini.

"Kufunga hospitali, mama. Wodi ya wazazi iko tupu. Masista tumebaki wachache, na kuna mahali pengi wanalia wapelekewe. Mama Mkuu amesema kama akina mama wa hapa hawaji kuzaa, yeye hawezi kuweka wakunga walinde mashuka."

Kufunga Kwa Kolumba! Angeambiwa mlima umehamishwa angeuliza umepelekwa wapi; hili Jawahir hakuliamini hata kidogo.

Kibao cha getini kina jina la mtakatifu, lakini hakuna anayelitumia. Ni Kwa Kolumba, na mtoto wa kwanza kuzaliwa pale ni Jawahir mwenyewe. Hadithi hiyo huiuza pamoja na chai, upende usipende. Babu yake alikuwa askari Msomali wa Mwingereza, aliyebaki Isiolo baada ya vita. Baba yake akawa na lori. Siku moja lori likavunjika ekseli ndani ya laga, mto mkavu wa mchanga, wingu jeusi likija, na mama yake Jawahir yuko juu ya magunia ya sukari, uchungu umemkamata. Ng'ambo ya laga kulikuwa na hema, punda, na mwanamke mzungu mrefu, nguo yake nyeupe imegeuka kahawia kwa vumbi. Huyo ndiye Sista Kolumba. Alikuwa na beseni, dawa kidogo, na Kiswahili cha maneno machache ambayo mengi alijifunza kwa ajili ya punda. "Twende! Simama! Pole pole!" alimwamuru mama. Mama akatii, na Jawahir akatoka.

Kisha bibi yake Jawahir akadai kondo la nyuma. Hatoki hapo bila hilo. Kitu kilichokaa na mtoto tumboni hakitupwi. Hulazwa ardhini na watu wake, kwa heshima. Kolumba hakuelewa neno, lakini aliona mikono ya bibi ikionyesha ardhi. Akachukua jembe akachimba mwenyewe, ardhi yenyewe kama saruji, na juu yake akapanda mche wa mwarobaini aliokuwa akiutunza ndani ya mkebe. Toka hapo ikawa ndiyo desturi. Mturkana, Mborana, Msomali, Msamburu, ukizaa Kwa Kolumba, watu wako wanachimba nyuma na kupanda mwarobaini. Hema likawa chumba cha mabati, chumba kikawa wodi, wodi ikaongezewa maabara na chumba cha upasuaji, na nyuma yake kukawa na msitu mahali ambapo zamani hata mbuzi hakupata kivuli. Kolumba mwenyewe amelala humo, kati ya miti ya watoto wake.

Na Deqa, mtoto pekee wa Jawahir, pia alizaliwa humo. Siku hiyo damu ilimtoka Jawahir mpaka akaanza kuaga watu kwa majina. Kolumba, tayari mzee, alijilaza kitanda cha pili akatoa yake. "Mimi nina damu ya sista," Jawahir huwaambia wateja wanaodai amechelewesha chai. "Mkinitukana mnatukana kanisa."

Sasa mtu aje aifunge? Haiwezekani.

Kuanzia siku hiyo hakuna mwanamke mwenye mimba aliyekunywa chai kwa amani.

"Wewe Aule, hiyo tumbo unapeleka wapi?"

"Nyumbani tu, mama."

"Na Kwa Kolumba je?"

"Barabara ni mbaya."

"Si umekuja na hiyo hiyo barabara kunywa chai yangu!"

Aule, mke wa Esekon wa Kipsing, akachungulia ndani ya kikombe kana kwamba kuna kitu kimeangukia humo. Atabo, naye mjamzito, akasema mume wake amehama na mifugo, nani atabaki na boma. Mwingine akasema mgongo. Mwingine akasema ataona. Jawahir hutambua uongo kwa harufu, kama maziwa yaliyolala, na kibanda kizima kilikuwa kinanuka. Walakini hakuna aliyesema ukweli. Yeye, Redio, alikuwa anafichwa jambo kwenye benchi lake mwenyewe.

Pigo lenyewe lilitoka nyumbani. Deqa ameolewa na Kalicha, Mborana wa Kulamawe, na alikuwa amekuja kukaa na mama yake mpaka ajifungue. Jioni moja, akichambua mchele, akasema bila kuinua macho:

"Hooyo, mama yake Kalicha anakuja kunichukua. Nitazalia Kulamawe."

"Utazalia wapi?"

"Nyumbani kwake. Kuna mama mmoja mkunga pale."

"Na hii hospitali iko mbele ya mlango? Hii iliyonipa damu? Deqa, bila hiyo mimi na wewe tusingekuwa hapa tukichambua mchele!"

"Najua, hooyo."

"Basi niambie sababu."

Deqa akachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. "Barabara," akasema.

"Barabara ya Kulamawe ndiyo nzuri?" Jawahir akapiga kelele, majirani wakatoka nje kusikiliza. Deqa akalia, lakini hakusema. Na hapo Jawahir akaogopa kweli. Maana alikuwa anamjua Deqa: mifupa ile ile, nyonga ile ile, na pengine damu ile ile itakayokataa kusimama.

Hamdia, mama yake Kalicha, alikuwa amepitia Kipsing kwa jamaa, akafika na lori la Guled lililokuwa likitoka huko na mbuzi wa soko. Ni mwanamke mdogo, mkavu, anayeongea taratibu kama mtu anayepima maziwa. Guled akazima injini, akasema anangoja kidogo tu, mbuzi wana kiu.

"Salaam aleikum, Mama Deqa."

"Wa aleikum salaam, Mama Kalicha. Karibu chai. Ukishamaliza uniambie kwa nini unaniibia mtoto."

Benchi likasogea karibu. Aule alikuwepo, Atabo alikuwepo, na wote waliokuwa na haraka wakasahau haraka yao.

"Mimi niambie wewe?" Hamdia akasema. "Si wewe ndiye ulipiga vigelegele."

"Vigelegele gani?"

"Siku ya tanuri. Nilikuwa hapa na mzee wangu, jicho lilikuwa linamsumbua. Wageni wakakata utepe, na wewe ukapiga vigelegele mpaka punda ya maji ikakimbia na mitungi."

"Nilipiga! Mimi hata kwa harusi ya mtu simjui napiga. Ni tanuri ya kuchoma sindano na bandeji, kwani kuna ubaya gani?"

"Ya sindano," Hamdia akarudia. Akaweka kikombe chini. "Na kondo la mtoto wa Chachu lilienda wapi? Chachu ni binti wa ndugu yangu, alizaa hapa. Akapewa mtoto, akapewa dawa, akaambiwa hongera. Akauliza ile ingine iko wapi. Yule kijana wa koti nyeupe akamwonyesha moshi."

Mbuzi walilia kwenye lori.

"Na ya dada yangu pia," Aule akasema polepole.

"Na ya shemeji," akasema Atabo.

"Nyinyi!" Jawahir akawanyooshea mwiko. "Mmekunywa chai yangu muda wote huu, na hamkuniambia?"

"Tukuambie aje, mama?" Aule akasema. "Tuliona umefurahia. Na kama hukujua, ungetangaza mpaka Isiolo mjini, masista wapate aibu. Wale wametutibu sisi tangu bibi zetu. Tutawaambia nini, ati wanachoma watu? Tukaona heri tuseme barabara."

Jawahir akageuka kutazama nyuma ya wodi. Bomba la tanuri lilikuwa limesimama katikati ya miarobaini, na mti uliokuwa karibu zaidi nalo ni ule mkubwa, wa kwanza, wake. Upande mmoja majani yalikuwa kijani. Upande wa bomba yalikuwa yamekauka kahawia mpaka juu. Amekuwa akilitazama jambo hilo kila asubuhi na kulaumu ukame.

Hakuvua hata aproni. Aliingia getini na mwiko mkononi, Hamdia nyuma yake, Deqa nyuma ya Hamdia ameshika kiuno, na benchi lote nyuma ya Deqa. Guled akapiga honi. Akaambiwa na watu wengi kwa pamoja anyamaze.

Sista Perpetua alikuwa akipanga mashuka pamoja na Felix, kijana wa koti jeupe, ambaye watu humwita daktari na yeye hakatai. Jawahir aliyamwaga yote bila kupumua. Alipomaliza, Felix ndiye aliyejibu kwanza, na hakujibu kwa kiburi, alijibu kama mtu aliyeshtuliwa usingizini.

"Wakaguzi walisema taka zote za hospitali ziingie kwa tanuri."

"Taka?" Hamdia akauliza. Neno hilo tu.

Sista Perpetua akakaa kwenye kitanda kitupu, shuka bado mikononi.

"Yangu iko chini ya mgomba, Tigania," akasema. "Mama yangu alinionyesha. Kila tukivuna ndizi za pale ananiambia, kula, hizi ni zako."

"Sasa kwa nini unachoma zetu?"

"Nilipokuja nilikuta tanuri limeshafunguliwa. Hakuna mama hata mmoja aliyeniuliza. Nilipoona hiyo miti nikadhani ni mambo ya zamani, nikasema, basi watu wa huku wameendelea."

"Na sisi tukadhani ni nyinyi mmeendelea!" akasema Atabo.

Sista Perpetua akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kawaida kinachotangulia mzaha, na machozi yakamtoka humo humo. Wanawake wakacheka naye kwa sababu haikuwezekana kufanya lingine. Heshima tupu ndiyo iliyokuwa imewafukuza akina mama wa wodi nzima.

Felix akakohoa. "Kuzika hakukatazwi," akasema. "Mradi shimo liwe refu, fisi asifikie, na liwe mbali na kisima. Tunaweza kuwakabidhi wenyewe. Mimi nitasimamia." Akafikiri kidogo. "Hata kuchimba nitachimba."

"Na hiyo mikono laini?" akasema Aule, wakacheka tena.

Hamdia hakucheka. "Maneno nimesikia," akasema. "Mimi nataka kuona." Akamshika Deqa mkono, akampeleka kwenye lori.

Ndipo Jawahir akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: alinyamaza. Alisimama kando ya lori akamwona mwanawe akiweka mguu mmoja kwenye kipandio, tumbo limemtangulia, na hakusema kitu, maana kila neno alilokuwa nalo alishalitumia kwenye ugomvi wa mchele. Deqa akasimama hivyo, mguu juu, mguu chini. Akamtazama mama yake. Akautazama ule mti uliokauka upande.

"Mama Kalicha," akasema kwa upole, "utaona aje kama hatutabaki?"

Hamdia akafikiri. Guled akashika kichwa.

"Guled," Hamdia akasema mwisho, "nishushie mkoba wangu."

Uchungu ulimshika Deqa baada ya siku chache, asubuhi, na kama mama yake alivyoogopa, haukuwa mwepesi. Jua lilipanda, likasimama juu ya mabati, likaanza kushuka. Jawahir alichemsha chai ambayo hakumuuzia mtu. Hamdia aliketi kwenye kizingiti cha wodi, tasbihi mkononi, na hakuna aliyethubutu kumwambia asogee. Wakati mmoja Felix alipita mbio na chupa za damu kutoka maabara, na Jawahir akajua damu yenyewe imekataa kusimama. Lakini ndani kulikuwa na Sista Perpetua, na dawa ambazo Kolumba hakuwahi kuziona, na wakunga ambao Mama Mkuu alidhani wanalinda mashuka. Jua lilikuwa bado halijafika kwenye miti ya Leparua mtoto alipolia, na baadaye kidogo Deqa mwenyewe akasikika akiuliza kama kuna kitu cha kula.

Sista Perpetua akatoka, jasho linamtiririka. Mkono mmoja alikuwa na msichana aliyefungwa shuka. Mkono wa pili alikuwa na bakuli la bati lililofunikwa kitambaa safi. Akapiga goti mbele ya kizingiti.

"Mama Kalicha, huyu ni wako. Na hii pia ni yako."

Hamdia akapokea bakuli kwanza.

Felix alichimba, na kusema haki alichimba vizuri, ingawa malengelenge alionyesha watu kwa muda mrefu baadaye. Hamdia akalaza kilichokuwa cha kulazwa, akanong'ona dua, akafukia kwa mikono. Akapanda mche. Wanawake wa Leparua na Kipsing walikuwa wamejipanga kwenye ua wakichungulia, na hakuna aliyeondoka mpaka maji yalipomwagiwa mche. Hapo ndipo Jawahir alipopiga vigelegele, na safari hii alijua anapigia nini. Punda wa maji akakimbia tena.

Kesho yake Kalicha akafika akimvuta mtamba mwekundu, zawadi ya kitovu ambayo Waborana humpa mtoto, ili mali yake ianze siku anayoanza yeye. Alitaka mtoto amwone mnyama wake. Akampitisha getini, mbele ya maabara, mpaka dirisha la wodi.

"Ng'ombe haingii hospitali!" Felix akapiga kelele.

"Haingii," Kalicha akakubali. "Ni kichwa tu."

Mambo mengine yaliyobaki yalikuwa kazi ya Jawahir, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Alitangaza kwa kila lori lililosimama, kila bodaboda, kila mchunga ngamia aliyeomba maji. Hakusema masista walikosea. Alisema tu: nyuma ya wodi kunapandwa tena. Maneno hayo yakafika Kipsing, yakavuka mpaka kwenye mitaa ya Isiolo mjini, na yakarudi kwenye benchi lake yakiwa yamenenepa, ati sasa kila mtoto hupewa ng'ombe. Wengine walikuja kwa sababu ya mti, wengine, Mungu awasamehe, kwa sababu ya ng'ombe, lakini walikuja.

Mama Mkuu, Sista Skolastika, alifika na Landikruza nyeupe siku ya Jumamosi. Alikuwa ameshapanga maneno yake njiani, maneno ya upole ya kufungia mahali, na dereva wake anasema aliyafanyia mazoezi tangu Nanyuki. Gari halikuweza kuingia. Getini kulikuwa na punda wenye matandiko, bibi waliokaa juu ya mikeka, na bodaboda iliyobeba mjamzito na shangazi yake kwa pamoja. Mama Mkuu akashuka, akauliza kama kuna msiba.

"Msiba?" Jawahir akajibu kutoka kibandani. "Mama, hapa ni kuzaa tu. Pita ukitafuta pa kukanyaga."

Chumba cha wageni walichomwandalia kilikuwa na Atabo, amejifungua mapacha. Kiti cha ofisi kilikuwa kimepelekwa wodini. Sista Perpetua alichomoza kichwa mlangoni, akamwona mkubwa wake, akasema, "Karibu sana, Mama, samahani," akarudi ndani. Na Mama Mkuu alikuwa bado amesimama na mkoba wake kwapani wakati Aule wa Kipsing alipoletwa, ameegemea bega la Esekon, akisema kwa Kiturkana kwamba mtoto huyu hangoji mtu.

Wakunga wote walikuwa na mikono imejaa. Mama Mkuu akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akampa Jawahir mkoba, akakunja mikono ya kanzu, na watu wakaona mikono ya mwanamke aliyefanya kazi hiyo miaka mingi kabla ya kupewa ukubwa.

"Pole pole, binti," akamwambia Aule. "Shika hapa."

Alipotoka, kitambaa cha kichwa kilikuwa kimeenda upande na uso wake umekuwa wa msichana. Mama yake Esekon, mzee mwenye shanga mpaka kidevuni, akatangaza kwamba mtoto ataitwa Skolastika. Akalijaribu jina, likamshinda katikati, akalimalizia kwa kicheko. Kisha akamkabidhi Mama Mkuu jembe, kwa sababu aliyempokea mtoto ndiye aliyekuwa karibu.

Mama Mkuu alichimba. Baada ya hapo, akiwa ameegemea jembe, akageuza macho juu ya miche mipya iliyopangwa mpaka ukutani, na juu ya ule mwarobaini mkubwa ambao upande wake uliokauka ulikuwa umeanza kutoa majani mekundu membamba. Bomba la tanuri lilikuwa baridi; Felix hulitumia siku moja moja, kwa sindano na bandeji tu.

"Perpetua," akasema, "hivi vitanda havitoshi. Na mimi nitakuletea mkunga mwingine, hata kama ni kumtoa kwenye ofisi yangu."

Hakukuwa na mtu ambaye hakupiga kelele. Hamdia, aliyekuwa amesema anarudi Kulamawe kila siku na harudi, alimkumbatia Felix, jambo ambalo wote wawili hukana mpaka leo.

Baadaye Mama Mkuu akakaa kwenye benchi la Jawahir, kati ya Guled na mama yake Esekon, akaomba chai. Akanywa, akatazama umati, akatikisa kichwa.

"Mama Deqa, nieleze kitu kimoja. Watu wote hawa walikuwa wapi? Kwa nini hawakuwa wanakuja?"

Sista Perpetua, aliyekuwa amesimama getini, akashusha macho. Kila mtu akamgeukia Redio, mwanamke ambaye hajawahi kukaa na habari mpaka ipoe. Jawahir akakoroga sufuria. Akamtazama Hamdia, akamtazama Perpetua, akamwongezea Mama Mkuu maziwa.

"Barabara, Mama," akasema. "Barabara ilikuwa mbaya sana."

Aule, ndani ya wodi, ndiye aliyeanza kucheka dirishani, na kicheko kikapokelewa na benchi, kikaenda getini, kikaingia hadi nyuma kwenye miti. Mama Mkuu hakujua kinachochekwa, lakini alicheka kuliko wote.